Shangazi Tausi Alipongoja Meli

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka dukani na vipande vya karafuu maiti, ati aviweke kabatini mende wasitafune nguo. Alipofungua karatasi, harufu ikapanda sebule nzima, nami nikajikuta nimesimama na ufagio mkononi, sijui nilikuwa nafagia wapi. "Bibi, vipi?" akauliza. Nikamwambia hakuna kitu. Lakini nilikuwa nimesharudi kuwa mtoto wa miaka saba au minane, katika nyumba ya baba yangu pale Temeke, siku zile Shangazi Tausi alipokuja kwetu kungoja meli ya kwenda Hija.

Wa rika langu mnaikumbuka Temeke ya enzi ya Mwingereza: minazi na mikorosho, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, zimekaa mbalimbali, na njia za mchanga ulioziunguza nyayo ikifika adhuhuri. Baba alikuwa kuli bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Mama alikuwa wa hukuhuku Pwani. Watoto tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Saidi ambaye alikuwa bado ananyonya. Ndugu za baba wote walikuwa Tabora, na sikuwa nimemwona hata mmoja wao mpaka siku baba alipokwenda stesheni akarudi na dada yake mkubwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, amejitanda ushungi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, shangazi," nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Sogea."

Nikasogea.

"Sogea tena."

Akainama, uso wake ukaja mpaka pua zetu zikakaribia kugusana, kichwa amekilaza upande kama kuku anayechungulia punje ya mtama. Akaniangalia hivyo kwa muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia. "Mama, nisamehe. Kwa lolote lile, nakuomba unisamehe."

Sikujua kwamba anayekwenda Hija huomba radhi kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, kwa kuwa huenda asirudi. Nilijiuliza jambo moja tu: mtu nisiyemjua, ambaye hajanifanyia kitu, anaomba msamaha wa nini? Jibu nikalipata mwenyewe. Ni wa jambo ambalo bado hajanifanyia.

Katika sanduku lake la bati mlikuwa na nguo nyeupe iliyokunjwa na karafuu maiti katikati. Mwajuma, binti wa jirani aliyenizidi umri kidogo na maneno mengi, aliichungulia akasema, "Hiyo sanda."

"Sanda ya nani?"

"Mie nitajuaje? Lakini yeye mwenyewe si mzima?"

Mahujaji wa zamani walikuwa wakichukua sanda zao kwenda kuziosha kwa maji ya Zamzam. Hilo nalo hakuna aliyetuambia.

Meli ilikuwa haijafika. Wenzake wa Tabora, pamoja na mwalimu aliyewaongoza, walikuwa wamefikia Kariakoo. Shangazi alifikia kwetu, na kesho yake tu akasema anataka kutembezwa mjini.

"Baba yetu alikuja pwani kwa miguu, pembe ya ndovu begani," alimwambia mama. "Akatuhadithia mpaka tukaiota. Sasa mimi nimefika, wifi, nikae uani nichambue mchele? Nataka kuiona Dar es Salaam yote kabla sijapanda meli."

Baba alikuwa kazini, mama alikuwa na Saidi na maandazi yake ya kuuza. Nikapewa mimi. "Mshike vizuri shangazi yako," mama alisema, "usimwachie." Nilishangaa, maana siku zote wakubwa ndio walioambiwa wanishike mimi.

Tulipanda basi mpaka Kariakoo, tukaenda kwa miguu mitaa ya Wahindi, tukafika kwenye sanamu ya askari, tukateremka mpaka ufukweni penye majumba ya mawe ya Sultani na kanisa la Wajerumani. Mkono wake haukutoka begani mwangu, vidole vimekaza kama ndoano. Kila tulipofika alisimama sana. Aliweka viganja vyake kwenye kuta, akazipapasa, akazinusa. Milango ya nakshi aliipitishia vidole tundu kwa tundu mpaka wenyewe wakatoka kututazama. Na maswali yake!

"Hapo juu pana nini?"

"Paa, shangazi."

"La rangi gani?"

"Jekundu."

"Na yule aliyesimama pale?"

"Mzungu."

"Anatutazama?"

"Hapana."

"Vizuri. Twende."

Kwa nini aulize rangi ya paa lililo mbele ya macho yake? Kwa nini afurahi mzungu akiwa hatutazami? Kwenye sanamu ya askari aliniuliza bunduki imeelekezwa wapi, nikasema bandarini, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwogopa.

Wakati ule hapakuwa na mtoto asiyejua habari za mumiani, watu wa kunyonya wenzao damu ikatengenezwe dawa. Mwajuma alijua mpaka gari lao, jekundu. Alijua pia kwamba mumiani hawaji wenyewe. Humtuma mtu mweusi kama sisi, mpole, mgeni, anayependa watoto.

Siku ya pili au ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilitumwa kwa jirani kurudisha ungo. Niliporudi nilisikia sauti za chini uani, nyuma ya ua wa makuti. Baba alikuwa hana zamu siku hiyo. Nikasimama palepale.

"Daktari wa bandarini akimwona mtoto huyu," Shangazi alikuwa akisema, "basi, nimekwisha."

"Hatamwona, dada," baba akajibu. "Utashusha ushungi, utapita haraka."

"Lakini wifi," ilikuwa sauti ya mama, "si bora ubaki watu wa hospitali wamtoe kwanza? Siku hizi wanajua. Wanasema akishakomaa hutolewa kwa kisu, dakika chache tu."

"Huyu amekomaa, najua. Na wa pili? Bado mchanga."

"Wa pili atangojewa naye akomae."

 Kisha Shangazi akasema, na mpaka leo naisikia sauti yake, "Nikirudi salama, watoeni wote wawili. Sitakataa. Lakini niacheni kwanza nifike Makka."

Na baba yangu, baba yangu mwenyewe, akasema, "Inshallah."

Sikulia. Nilikwenda nyuma ya choo nikachuchumaa, nikafikiri. Watoto wa nyumba ile walikuwa wawili. Mmoja mkubwa, mmoja mchanga. Hesabu haikuwa na njia nyingine.

Tangu hapo nilimbeba Saidi mgongoni kutwa nzima, nisimwache hata akilala, mpaka mama akaniuliza nimeingiwa na nini. Na kwa kuwa mtoto hutolewa akishakomaa, niliona dawa ni kutokomaa. Nikaacha kula. Wali niliuficha chini ya mkeka, maandazi nikampa Mwajuma, ambaye hakuuliza sababu. Nilisikia njaa mpaka masikio yakavuma. Nilijipima kwenye nguzo ya baraza kila asubuhi nikimwomba Mungu nisiwe nimeongezeka.

Mchana mmoja nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nimefumba macho lakini sijalala, nikasikia harufu ya karafuu maiti ikinijia. Vidole vya Shangazi vikagusa kipaji changu. Vikashuka taratibu kwenye nyusi, kwenye kope, vikazunguka mashavu, vikafika kidevuni, vikarudi tena juu. Nilikaza pumzi. Nilikuwa na hakika anatafuta mahali ambapo kisu kitaingilia. Alipoondoka nilikuta nimeulowesha mkeka.

Mama aliona ninavyokonda, akanishika shingo, akasema nina homa. "Wifi, kesho mkiwa mjini mpitie hospitali, dresa anayetoa dawa amtazame huyu mtoto. Hali chakula hata kidogo."

"Tutapita," akasema Shangazi.

Asubuhi yake nilivaa gauni langu kama anayevishwa kwenda kuzikwa. Nilimbusu Saidi. Ndani ya basi mkono wa Shangazi ulikaa begani mwangu. Tulifika barabara ya hospitali, mbele ya ukuta mrefu mweupe.

"Ndipo hapa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi nipeleke ndani, mama. Ukiona ngazi useme."

Nilijichomoa. Gauni lilichanika begani, ukabaki uzi vidoleni mwake. Nilivuka barabara mbio mpaka upande wa pili, nikajibanza kwenye ukuta wa nyumba moja, nikageuka nimwone anavyonifukuza.

Hakunifukuza. Alikuwa ameingia barabarani hatua kadhaa, akasimama katikati, mikono imenyooka mbele. "Mama?" akaita. "Mama, uko wapi?" Nilikuwa mbele yake kabisa, mchana kweupe, na gauni la njano. Uso wake ukapita juu yangu, ukaenda kushoto, ukarudi, ukapita tena. "Mwanangu, usinifanyie hivyo. Uko wapi?" Akageuka, akageuka tena, mpaka akawa hajui alitokea upande gani. Ushungi ukamwanguka. Kwa mara ya kwanza nilimwona uso mzima mbali kidogo nami, na ulikuwa uso wa mtu anayeogopa kuliko mimi.

Lori lililobeba marobota ya katani likatokea kwenye kona. Dereva akapiga honi. Shangazi akaruka, akaenda upande uleule wa lori.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nimeikamata kanga yake kiunoni kwa mikono miwili, navuta kwa uzito wote niliokuwa nao, ambao baada ya siku zile za njaa haukuwa mwingi. Tukaanguka wote kando ya barabara. Lori likapita, dereva akitutukana mpaka sauti ikapotea.

Tulikaa pale chini tukihema.

"Shangazi," nikasema, "huoni?"

 "Nakuona kama moshi. Nina mtoto wa jicho. La kulia ameshalifunga kabisa. La kushoto ndiyo kwanza anaanza."

"Mtoto wa nini?"

"Wa jicho, mama. Utando. Unaota ndani ya jicho kama ukungu, watu wanauita mtoto."

"Ndiye huyo aliyekomaa?"

Akanigeukia. "Umeyasikia wapi hayo?"

Nikamwambia yote: ua wa makuti, kisu, Saidi, wali chini ya mkeka, sanda, mumiani. Alianza kucheka, akacheka mpaka wapita njia wakasimama. Halafu kicheko kikakatika. Akaupapasa mkono wangu, akausikia ulivyobaki mifupa.

"Na siku zote hizi ulinitembeza mji mzima huku unaogopa hivyo?"

"Ndiyo."

"Masikini mwanangu." Akanipangusa vumbi. "Wazazi wako hawakukuambia kwa sababu mtoto hana siri, na mwalimu wetu huja pale nyumbani. Wenzangu hawajui. Wakijua wataniacha, nani atataka kuongoza kipofu mpaka Makka? Na bandarini kuna daktari. Mgonjwa anarudishwa. Nimeshawaaga watu wote Tabora, waliokufa nimezuru makaburi yao. Nikirudishwa, nitarudi na uso gani?"

Hatukuingia hospitali. Tulinunua mihogo ya kuchoma, nikala mpaka nikavimbiwa.

Mtu angedhani hofu yangu iliishia hapo. Ilihama tu. Ile niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe nilimwekea yeye, na ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa sasa nilijua hasa cha kuogopa. Tulifanya mazoezi uani kila siku. Yeye alitembea peke yake, mimi nikajifanya daktari, nimekaa juu ya kinu. Alipojikwaa nilifumba macho. Kwenye mwanga mkali hakuona kitu kabisa, kivulini aliona kidogo.

Meli ikafika, ikatia nanga katikati ya bandari. Asubuhi ya safari baba alibeba sanduku, tukaingia naye ndani kwa kuwa askari wa getini alimfahamu. Mahujaji walipangwa mstari ndani ya ghala. Mbele kulikuwa na meza, daktari wa Kizungu amekaa, karani Mwafrika amesimama kando yake. Nyuma ya meza palikuwa na mlango mkubwa uliojaa jua, na nje yake ngazi za mawe zilizoteremka majini, ambako mashua zilikuwa zikiwapeleka watu melini. Wasindikizaji walizuiwa kwa kamba.

Nilimwona mzee mmoja akitolewa kwenye mstari. Alikuwa anakohoa. Alishika kanzu ya karani akimsihi, karani akamtoa vidole kimoja kimoja.

Watu wa Tabora walikuwa mbele, Shangazi amebaki nyuma yao, ushungi chini. Mstari ukasogea, yeye hakusogea. Mwanga wa ule mlango ulikuwa umemmaliza. Baba aliuma midomo. Hakuweza kumwita, maana kila mtu angegeuka.

Nyuma ya Shangazi alikuwapo mwanamke mmoja mnene, kanga za kijani, anagombana na hamali juu ya kapu lake. Sikumjua. Nilipita chini ya kamba kabla baba hajanidaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We mtoto, rudi nje!"

"Bibi, huyo mbele yako ni shangazi yangu."  Nilijua kwamba nikikosea mtu, nimemmaliza mimi mwenyewe. "Haoni. Naomba umshike."

Akanitazama. Akamtazama Shangazi, akamtazama daktari. Nilimwona anafikiri. Kisha akalitupa kapu mikononi mwa hamali, akapiga hatua mbili, akamshika Shangazi mkono.

"Dada, na wewe!" akapaza sauti. "Nimekwambia usilale umesimama! Twende, watu wanatungoja."

Shangazi alishtuka, nikaona mabega yakipanda. Halafu yakashuka. "Nimechoka, dada," akasema. "Nikokote tu."

Wakafika mezani. Daktari aliangalia vyeti vyao vya chanjo. Akainua macho, akasema neno kwa karani.

"Daktari anauliza, macho ya huyu mama yana nini?"

Nilikuwa nimesharudi nyuma ya kamba, na baba alinishika kichwa akanibana kwenye paja lake. Sikuona tena, nikawa nasikia tu.

"Yana nini?" Ilikuwa sauti ya yule mwanamke. "Analia tangu alfajiri! Ameacha watoto, ameacha mji wake. Wewe mama yako akienda Makka halii?"

Mtu mmoja kwenye mstari akacheka, mwingine akasema "Kweli jamani." Karani akatafsiri kitu, sijui ni hicho au kingine. Kisha nikasikia muhuri ukigonga meza.

Nilipoinua uso walikuwa wameshaingia kwenye lile jua la mlangoni, wameshikana, vivuli viwili vyeusi. Nikaona mnene akisimama kwenye ngazi, akimwambia mwenzake jambo, na mrefu akiteremsha mguu, akipapasa, akiupata ukingo wa mashua.

Njiani kurudi Temeke baba aliniuliza, "Yule mwanamke ni nani?"

"Simjui."

 Akanibeba mabegani, mimi niliyekuwa mkubwa wa kubebwa, akanipeleka hivyo mpaka mlangoni.

Miezi ile ya kungoja ilikuwa mirefu. Habari zilikuja za mahujaji waliokufa kwa joto, wengine wakazikwa baharini, na kila mgeni aliyebisha hodi mama aliacha mkono ndani ya unga asiutoe. Mwisho walirudi. Yule mwanamke mnene ndiye aliyemleta mpaka kwetu. Jina lake Bi Zena, nyumba yake Mtoni, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na walikuwa wamezoeana mpaka wanakatizana maneno kama watu waliozaliwa tumbo moja. Shangazi hakuona tena hata moshi.

Ahadi yake akaitimiza, akapelekwa hospitali. Mlangoni aligoma. Mwanamke aliyevuka bahari aliishika nguzo akasema haingii, kisu anakiogopa, afadhali afe hivyohivyo. Baba akabembeleza, mama akabembeleza. Mimi nikamshika mkono nikamwambia, "Shangazi, nami naogopa. Tuingie tu." Tukaingia wote wawili, na nesi hakunitoa mpaka Shangazi alipolala.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikupona. Hakurudi tena Tabora, alizeekea kwetu, akaniona nikiolewa, akawapokea wanangu. Na kila alipotaka kunigombeza alilifumba kwanza lile bovu, akanikazia lile zima, na hata nilipokuwa mama wa watoto watatu, nikitazamwa hivyo nilikuwa natafuta pa kujificha.